Somo: Fimbo Inayomfaa Mgonjwa

Mtu akivunjika mguu, au akilegea upande mmoja wa mwili, watu wa nyumba yake humpa fimbo iliyo karibu. Mara nyingi ni fimbo ya babu. Je, babu na mjukuu wana urefu mmoja? Fimbo isiyomfaa mtu humwangusha, naye huumia mara ya pili.

1. Angalia nguvu ya mguu. Kama mguu waweza kubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, fimbo moja yatosha. Kama mganga amekataza mguu usikanyage chini, yafaa magongo mawili ya kwapani. Mzee ambaye miguu yote miwili ni dhaifu hufaa chombo cha miguu minne, lakini nyumbani na uwanjani tu. Katika miteremko yetu ya Lemera ni hatari.

2. Pima. Mgonjwa asimame wima, amevaa viatu vyake, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Magongo yaishie vidole vitatu chini ya kwapa, na mahali pa kushika pawe sawa na kifundo cha mkono. Uzito uwe mikononi. Anayejitegemeza kwa makwapa huumiza mishipa ya fahamu, na mkono wake hufa ganzi. Mtoto aliyelemazwa na polio hukua. Mpime tena kila miezi michache.

3. Shika vema. Fimbo moja hushikwa upande wa mguu mzima, nayo huenda mbele pamoja na mguu mgonjwa. Wengi hukosea hapa.

4. Angalia njia. Ukipanda mlima, tanguliza mguu mzima. Ukishuka kwenda bonde la Ruzizi, tanguliza fimbo na mguu mgonjwa. Ncha ya fimbo ivikwe mpira. Kipande cha gurudumu kuukuu la gari chafaa, kikifungwa imara. Mpira ukiisha, badilisha kabla ya mvua.

Ukiona ganzi mikononi, kidonda kwapani, au ukianguka mara kwa mara, rudi hospitali upimwe upya.

Wako wanaokaa ndani kwa kuona haya. Fimbo si aibu. Humrudisha mtu shambani, sokoni na kanisani.

Maulizo:
Fimbo ifike wapi?
Ishikwe mkono gani?
Ukishuka mlima, mguu upi hutangulia?