Fahali na Nyasi: Uadilifu wa Kuwashambulia Raia kwa Bomu la Atomiki

Wahenga walisema kuwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Aghalabu methali hii hutumiwa kueleza masaibu ya raia vitani. Hata hivyo, ikichunguzwa kwa makini, haitoshelezi kueleza yaliyotokea Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 na Nagasaki tarehe 9 Agosti mwaka uo huo. Katika methali, nyasi huumia kwa kuwa ziko chini ya kwato. Hapana fahali aliyezikusudia. Je, raia wa Japani walikanyagwa tu, au walilengwa?

Swali hili ni la kimsingi. Maadili ya vita hutofautisha baina ya madhara yanayowapata raia shabaha ya kijeshi inaposhambuliwa, na mauaji ya raia yanayofanywa kuwa njia ya kupatia ushindi. Katika hotuba yake ya tarehe 9 Agosti, Rais Harry Truman wa Marekani aliiita Hiroshima kituo cha kijeshi. Ni kweli kuwa mlikuwa na makao makuu ya jeshi humo. Lakini shabaha ya rubani ilikuwa daraja la Aioi, katikati ya mji. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 140,000 walikuwa wamefariki Hiroshima na wapatao 70,000 Nagasaki, wengi wao raia.

Watetezi wa tendo hilo hutegemea hesabu. Mwaka 1947, Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita, alieleza kuwa kuivamia Japani kungeweza kusababisha vifo na majeruhi zaidi ya milioni moja kwa upande wa Marekani pekee. Hoja hii haifai kubezwa, kwani mapigano ya Okinawa yalikuwa yamedhihirisha gharama ya uvamizi.

Mwanafalsafa Elizabeth Anscombe aliipinga mwaka 1956, Chuo Kikuu cha Oxford kilipoazimia kumtunuku Truman shahada ya heshima. Kwake, kuchagua kuwaua wasio na hatia ili kufikia lengo fulani ni uuaji, hata lengo likiwa jema. Isitoshe, alishikilia kuwa chanzo cha uovu huo kilikuwa sharti la kuitaka Japani isalimu amri bila masharti yoyote.

Hoja ya Anscombe ina uzito zaidi. Hesabu ya roho haiwezi kutangulia swali la nani anayeruhusiwa kuuawa. Ikitangulia, basi kila taifa linaloamini kuwa ushindi wake utaokoa wengi litakuwa na idhini ya kuteketeza miji. Mwaka 1963 mahakama moja ya Tokyo iliamua kuwa mashambulizi hayo yalikiuka sheria ya kimataifa. Hata hivyo, mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishindwa kutoa kauli ya mwisho kuhusu taifa ambalo uhai wake wenyewe umo hatarini. Mlango huo ungali wazi, na nyasi zingali chini ya fahali.