Spika ndogo zisizochoma masikio

Swali: Sebule yangu hapa Chiwata ni ndogo, chini saruji, juu bati bila dari. Napenda Mbaraka Mwinshehe na taarabu, lakini tarumbeta na fidla zinanichoma masikio. Ninunue spika gani ndogo za kuweka kwenye rafu?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza tandika mkeka mkubwa na utundike pazia zito. Saruji na bati hurudisha sauti kali, na hapo hata spika ya bei mbaya itakukera.

Ukifika dukani, chungulia twita, kile kipaza kidogo cha sauti nyembamba. Twita yenye kuba ya kitambaa au hariri kwa kawaida hutoa sauti laini. Vile vipaza vya plastiki vya piezo vilivyojaa kwenye spika za bei rahisi, achana navyo. Spika ya Wharfedale Diamond 12.1, kwa mfano, ina kuba ya kitambaa. Ila usiabudu kitambaa: spika ya LS3/5A, iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa magari ya matangazo, ina twita ya plastiki na bado inasifiwa kwa upole wake. Kinachoamua zaidi ni ufundi wa kugawa sauti kati ya twita na spika ya besi.

Jaribu kwa wimbo unaoujua, usikilize herufi "s" ya mwimbaji. Ikikwaruza, rudisha. Lakini usipime kwa nyimbo za kwenye flashi zilizobanwa mno. Hizo hukwaruza popote.

Nyumbani, usizielekeze twita moja kwa moja masikioni. Na amplifaya isiwe dhaifu: ikizidiwa, hupasua sauti, lawama ikaangukia spika.