OKELLO: JINA HILI LILITOKA WAPI?

Tulipoingia kidato cha kwanza hapa Katito, mwalimu akiita "Okello!" tulisimama watatu. Wenzetu wakadhani sisi ni ndugu. Wapi! Hatukuwa hata wa ukoo mmoja.

Kwetu Wajaluo, mapacha wavulana huitwa Opiyo, wa kwanza, na Odongo, wa pili. Anayewafuata ni Okello. Akiwa msichana, Akello. Waacholi na Walango wa Uganda wana Okello pia, kwani lugha zetu ni za jamii moja. Ila kwao pacha wa pili ni Ocen, naye Odongo humfuata Okello! Ndiyo maana John Okello wa mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 alitoka Lango, na Tito Okello, aliyetawala Uganda 1985 hadi 1986, alikuwa Mwacholi.

Mimi sikufuata mapacha. Jina ni la babu, nasi tukalirithi kwenye vyeti. Nilitaka kuliacha, nibaki na lile la ubatizo. Nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, mapacha waliomtangulia babu yako walikufa wachanga. Ukiliacha, nani atajua walizaliwa?"

Nimelishika hadi leo. Je, msomaji, lako lina kisa gani?