Mitumba yako iko kwenye nambari gani?

Umeweka akiba kwa simu miezi kadhaa, na sasa unataka kununua mzigo wako wa kwanza wa mitumba. Unasoma mahali kwamba biashara ya rejareja imekua, unafurahi. Pole pole kwanza! Takwimu kama hizo hupangwa kwa nambari za ISIC, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi. Katika toleo la nne, la mwaka 2008, herufi G ni kapu kubwa: wauzaji wa jumla, supamaketi, wenye vibanda, hata fundi wa pikipiki. G ikikua, huenda ni supamaketi ndizo zilizouza.

Kwa hivyo shuka chini. 47 ni rejareja. 478 ni vibanda na masoko. 4782 ni nguo na viatu vya kibandani, vipya au mitumba. Ukikodi duka, mitumba hiyo hiyo inahamia 4774. (Ndiyo, nguo ni zile zile!)

Ukifungua ripoti ya KNBS, angalia kwanza imefika tarakimu ngapi. Ikiishia kwenye herufi tu, usitoe akiba kwa sababu yake. Nenda Gikomba asubuhi moja uhesabu wanaonunua.