Mtoto anapimwa uzito, na mama je?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 23, mtoto wangu wa kwanza ana wiki 8. Ananyonya vizuri, anaongezeka. Mimi ndiye siko sawa. Mume wangu anavua dagaa, usiku nabaki na mtoto. Akilala yeye, mimi silali. Nakaa mlangoni nahesabu taa za mitumbwi ziwani mpaka kunakucha. Nalia bila sababu. Nikimbeba naona kama nimeshikishwa mtoto wa mtu. Mama mkwe anasema wenzangu walishashika jembe, mimi nadeka. Siku nyingine natamani nilale nisiamke. Je, nimerogwa?*
Mama wa Kwanza, Matema

Marahaba, mwanangu. Hujarogwa, wala hudeki.

Naanza na hilo la kutamani usiamke, maana limenikosesha raha tangu nilisome. Leo hii mwambie mtu mzima mmoja, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Usiku usibaki peke yako na mtoto. Kesho asubuhi nenda hospitali. Hapo Matema ipo ya Kilutheri, na Kyela mjini ipo ya wilaya. Wazo hilo likikuzidia, au ukianza kusikia sauti wasizozisikia wengine, usingoje kukuche. Waamshe majirani wakupeleke.

Mzazi kulia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Kilio kikivuka wiki mbili, usingizi ukakataa hata mtoto akiwa amelala, hiyo huenda ni sonona ya baada ya uzazi. Ni ugonjwa, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linasema maradhi ya akili, hasa sonona, huwapata wazazi wapya wapatao 13 katika kila 100, na katika nchi kama zetu ni wengi zaidi. Piga hesabu ya foleni ya kliniki uliyokaa wiki ya 6: hukuwa peke yako. Siku ile mtoto aliwekwa kwenye mzani, akachomwa sindano, kadi ikajazwa. Nadhani ulipoulizwa hali ulijibu "salama", kama tulivyolelewa sote. Safari hii usijibu salama. Sema: "Silali, nalia kila siku, na natamani nisiamke." Usipunguze hata neno. Na usingoje sindano ya wiki ya 10.

Omba wakupime na damu, kwani upungufu wa damu nao humlegeza mzazi. Dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia zipo, ila achague daktari. Za kununua dukani kwa kubahatisha, hapana.

Msomee mama mkwe barua hii, tafadhali. Mama yangu, shikamoo. Najua ulilima na mtoto mgongoni, na hakuna aliyekuuliza ulivyokuwa unajisikia. Mpokee huyu binti mtoto akishanyonya, alale saa nne mfululizo. Hakuna uji wala mchuzi wa mbasa utakaomsaidia kama usingizi huo.

Na baba mtoto, mbalamwezi ikiwaka hamwendi kuvua. Usiku huo mtoto awe wako: mbadilishe nepi, mbembeleze, umlete kwa mama yake anyonye tu, kisha umchukue tena. Na hospitali mwende wote wawili. Akishindwa kusema, sema wewe.

Mwanangu, ukirudi kutoka hospitali niandikie.