Nyufa Kwenye Vinyago: Mchongaji Aanzie Kwenye Kukausha

Twiga wa mti anaweza kuondoka Wamunyu, Kaunti ya Machakos, akiwa mzima na kumfikia mnunuzi akiwa na ufa kutoka shingoni hadi tumboni. Mnunuzi huyo harudi tena, na hasara humwangukia mchongaji.

Uchongaji huu uliletwa Wamunyu na Mutisya Munge, aliyejifunza akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miaka mingi uliotegemewa ni muhugu, mti mgumu usioliwa upesi na wadudu. Sasa muhugu na mpingo ni adimu, na wengi wamegeukia mjakaranda, mwarobaini na mwembe. Miti hii inapatikana mashambani, lakini haitaki haraka.

Mti mbichi huchongeka kwa urahisi, na hakuna ubaya kuanza nao. Kosa ni kuumaliza siku hiyo hiyo. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha za gogo kuliko ubavuni, tena mti husinyaa zaidi kufuata duara zake kuliko kuelekea katikati. Hapo ndipo nyufa hufunguka. Kwa hivyo gogo lipasuliwe, kiini cha katikati kiondolewe, na ncha zipakwe nta au rangi ya mafuta. Umbo likishatolewa kwa tezo liachwe nene kiasi, lifukiwe kwenye vumbi la mbao au lifungwe gunia, kisha liwekwe kivulini, kamwe si juani. Mizani ya kawaida inatosha kupima: kila wiki kinyago kipimwe, na uzito ukiacha kushuka, ndipo patasi ndogo irudi kazini.

Msasa uanze namba 80, kisha 120, umalizie 240, ukifuata nyuzi za mti. Kabla ya msasa wa mwisho, kitambaa chenye unyevu kipitishwe juu na mti uachwe ukauke; nyuzi zitasimama na kukatwa zote. Pua na mdomo vifunikwe, maana vumbi hilo hudhuru mapafu.

Rangi ya viatu inafaa vinyago pekee. Vijiko na bakuli za chakula zipakwe mafuta ya kupikia yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki.

Wanaonunua magogo kutoka mbali wamuulize muuzaji kibali cha kusafirisha cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kabla ya kulipa. Mzigo usio na kibali unaweza kunaswa njiani.