Mwembe Hula Nini? Hewa Ukaa, Nitrojeni na Istilahi ya Usanisinuru

Makala hii inajadili istilahi moja, usanisinuru, pamoja na yale ambayo haiyataji. Istilahi imeundwa kwa ustadi: usanisi, yaani kuunganisha vitu ili kupata kitu kipya, na nuru. Hata hivyo, anayeitegemea peke yake huijua nishati ya kazi hiyo asijue malighafi yake. Pengo hilo hujazwa na kauli ya mazoea kwamba mbolea ni chakula cha mti.

Kauli hiyo ni sitiari, tena yenye kupotosha. Chakula cha mwembe ni sukari, nao hujitengenezea wenyewe kwa maji na hewa ukaa iingiayo kupitia vitundu vidogo vya jani. (Jina hewa ukaa lafaa mno, kwani hutukumbusha makaa: kaboni ya hewani ndiyo iliyomo katika utamu wa embe na katika gogo lililochomwa tanuuni.) Nitrojeni, iliyo kiini cha mbolea ya yuria, haigeuki kuwa sukari. Hiyo hujenga zana: umbijani unaonasa nuru na rubisko, kimeng'enya kinachoikamata hewa ukaa. Katika mimea kama mwembe na mchungwa, rubisko pekee huweza kubeba takriban robo ya nitrojeni ya jani. Kwa lugha ya jikoni, nuru ni moto, hewa ukaa ni unga, nitrojeni ni sufuria na mwiko.

Kabla ya mapinduzi ya viwanda, hewa ukaa angani ilikuwa takriban sehemu 280 kwa milioni. Sasa imepita 420. Unga umeongezeka. Je, ugali utaongezeka? Huko Phoenix, Marekani, kuanzia 1987 hadi 2005, midanzi iliongezewa sehemu 300 za hewa ukaa, ikakua na kuzaa zaidi ya mingine. Lakini ilipewa pia maji na mbolea ya kutosha. Nitrojeni ikiwa haba, sukari hurundikana majanini, mmea hupunguza rubisko, na usanisinuru hurudi nyuma.

Mfano wa karibu uko Bamburi, Kisauni. Machimbo ya kiwanda cha saruji yaliacha mwamba wa matumbawe usio na udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ukastawi. Hewa ukaa haikukosekana. Na nitrojeni pia ni asilimia 78 ya hewa, ila miti haiwezi kuitwaa moja kwa moja. Mvinje una bakteria mizizini wanaoigeuza. Majongoo nao wakasaidia kuyafanya majani yaliyoanguka kuwa mboji.

Kwa mkulima wa Likoni, sitiari ya chakula ina gharama: humfanya adhani mbolea ikizidi, maembe yatazidi. Mwembe uliokomaa ukijazwa nitrojeni kupita kiasi huchipua majani badala ya maua. Kiswahili tayari kina neno rutuba, nalo lingefaa vitabuni mahali pa chakula.